Mashine Iliyoambiwa Marahaba

Kengele ya mwisho ilipolia shuleni, watoto wengine walikimbilia uwanjani na mpira wao. Msichana mmoja wa darasa la sita alishika njia nyingine, akapita maduka ya vifaa vya ujenzi, akakata kona kwa fundi viatu, akafika kiwandani. Kiwanda hicho hakikutengeneza kitu chochote. Kazi yake ilikuwa kufua: mashuka ya hospitali, makoti ya madaktari, taulo za nyumba za wageni na vitambaa vya meza vya kumbi za sherehe. Vyote viliingia kwa mlango wa nyuma vikiwa vichafu, vikatoka kwa mlango wa mbele vikinukia sabuni. Mama yake msichana huyo ndiye aliyekuwa meneja.

Jina lake halisi lilijulikana na mwalimu wa darasa tu. Kwingineko kote aliitwa Sauti. Alikuwa amejaliwa sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na ndiye aliyesoma matangazo ya shule kila asubuhi. Kwamba sauti yake ni nzuri halikuwa jambo la siri. Yeye mwenyewe alilijua kuliko watu wote, na hata alipoomba chumvi mezani aliiomba kama anayetangaza matokeo ya mtihani.

"Shikamoo, babu," alimwamkia mlinzi wa geti.

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu mahali tunapofua kila kitu ila dafu!"

Mlinzi huyo, aliyeitwa Babu Geti, alisema mzaha huo kila siku na kuucheka kila siku kana kwamba ndiyo kwanza ameusikia. Alikuwa mtani wa kila mtu. Hakuna aliyepita getini bila kutupiwa neno, na hakuna aliyekasirika.

Sauti alipita chumba cha mashine kubwa zilizozungusha nguo kwenye povu, akapita chumba cha kukaushia chenye joto la kukausha mate mdomoni, akaingia chumba cha kukunja. Hapo ndipo alipofanyia kazi zake za shule, kwenye kona ya meza ndefu, karibu na Bi Mikunjo.

Bi Mikunjo alikuwa mama mtu mzima, aliyekula chumvi nyingi. Alikuwa akikunja mashuka tangu kiwanda kilipofunguliwa, na shuka likipita mikononi mwake lilitoka na kona zilizonyooka kabisa. Mbele yake ilisimama nguzo ya chuma yenye vibanio viwili. Alibana ncha mbili za shuka hapo, akavuta upande wake, akakunja peke yake. Kila mkunjaji alikuwa na nguzo kama hiyo. Mama yake Sauti ndiye aliyezinunua, kwa kuwaonea huruma wafanyakazi wasitembee mbele na nyuma kutwa nzima.

Lakini mwezi huo mama hakuwa na raha. Wafanyakazi watatu walikuwa wamefunga virago, mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwa hodari. Waliobaki walifanya kazi kwa mikono tu, moyo haukuwamo. Walifika wamechelewa, walitazama saa ya ukutani kila mara, na zamu ilipokwisha walitoka mbio bila hata kuagana. Ndipo mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Tajiri, alipokuja na kumkuta mama ofisini. Mlango ulikuwa wazi, na Sauti alisikia kila neno.

"Watu wanakukimbia, Bi Meneja," alisema Tajiri. "Sijui unawafanya nini. Akiondoka hata mmoja tena kufikia mwisho wa mwezi huu, nitatafuta meneja mwingine."

Mama alizunguka vyumba vyote akiuliza, "Jamani, kuna tatizo gani?"

"Hakuna tatizo, Bi Meneja."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Wewe tena!"

Alirudi ofisini vilevile alivyotoka. Nani atamwambia bosi wake usoni kwamba mambo si mazuri? Hata wewe, msomaji, mwalimu mkuu akikuuliza kama unaipenda shule, unajua utakavyojibu.

Jumamosi Mjomba alikuja kuwatembelea nyumbani. Alikuwa mdogo wake mama, fundi wa kompyuta, mwembamba, mwenye kusema haraka kama anayekimbizwa. Alikuwa ameleta simu mpya na furaha nyingi.

"Dada, watu hawamwambii bosi ukweli, lakini wataiambia mashine," alisema. "Hii ni programu ya akili bandia. Simu tunaifunga ukutani. Mfanyakazi akimaliza zamu anaichukua, inamwuliza habari za kazi, naye anajibu kwa maneno yake. Programu inasikiliza majibu yote, inatafuta mambo yanayorudiwarudiwa, halafu kila Ijumaa inakupa muhtasari. Haitaji jina la mtu, na sauti zenyewe inazifuta."

"Kwa hiyo sitajua nani kasema nini?"

"Hutajua. Ndiyo maana watasema."

"Na ikikosea je?"

"Inajua kile inachoambiwa tu, dada. Ni kama mashine ya kusaga. Ukitia mchele, usitarajie unga wa mahindi."

Kilichobaki kilikuwa sauti ya kuuliza. Ile iliyokuja na programu ilitamka Kiswahili kama mtu anayetafuna kokoto. Mama na Mjomba waligeuka kumtazama Sauti, na kumbe yeye alikwisha kuanza kusafisha koo.

"Shikamoo!" alirekodi. "Habari za kazi leo? Tafadhali niambie unavyojisikia."

Mjomba alisema inatosha. Sauti aliomba kurudia. Alirudia tena na tena, mpaka mama akamwambia kwamba hata wagombea uchaguzi hawajitayarishi namna hiyo.

Siku ya kwanza watu walipanga foleni kwenye ile simu. "Aa, huyu si Sauti wetu?" waliambizana wakicheka. Tajiri naye alipita, akasikiliza, akapendezwa. Alisema kuanzia mwezi ujao sauti hiyo itawekwa katika viwanda vyake vyote. Shuleni mwalimu alisimama mbele ya darasa akatangaza, "Mwenzenu ndiye sauti ya akili bandia," na darasa zima likapiga makofi. Kichwa kilimvimba Sauti. Kama angekuwa na kofia, isingemtosha.

Ijumaa ilipofika, mama, Mjomba na Sauti walikusanyika ofisini. Mama alisoma muhtasari kwa sauti.

"Karibu wafanyakazi wote wana hali nzuri na wanazungumza kwa upendo. Mambo yanayotajwa zaidi ni chakula na masomo."

Aliinua macho. "Wana furaha? Mbona basi wanaondoka?"

Mjomba alijikuna kichwa. "Chakula na masomo... Labda wana njaa, dada. Na labda wanataka kusoma."

Mama hakulaza damu. Jumatatu wafanyakazi walikuta chai ya saa nne ikisubiri, na mkate, na mayai ya kuchemsha. Walikula, wakashukuru, wakafuta midomo, kisha wakaendelea kutazama saa ya ukutani kama kawaida. Mama alitangaza pia masomo ya jioni, na Mjomba ndiye mwalimu. Alifika mwanafunzi mmoja tu. Alikuwa Babu Geti, penseli nyuma ya sikio.

"Unataka kujifunza nini, babu?" Mjomba alimwuliza.

"Mimi? Sitaki chochote, mwanangu. Nimekuona umekaa na chaki yako bila mtu, nikaona aibu."

Ijumaa ya pili muhtasari ulisema yaleyale: furaha, upendo, chakula, masomo. Ila sasa kulikuwa na shukrani kwa ajili ya mayai.

Jumanne iliyofuata Sauti alikuwa kwenye kona yake akifanya hesabu za sehemu, na hesabu zilikuwa zikimfanya yeye zaidi ya alivyozifanya. Bi Mikunjo alimaliza zamu, akaiendea simu ya ukutani. Sauti alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwa mbali. Uso wa Bi Mikunjo ulilainika.

"Marahaba, mwanangu," Bi Mikunjo aliiambia simu. "Nzuri tu, namshukuru Mungu. Na wewe je, umekula? Haya, soma kwa bidii, usiwasumbue wazazi."

Akairudisha simu mahali pake. Kisha aliketi, akavua viatu, akashusha pumzi ndefu.

"Kazi hii sasa imenichosha roho," alisema, akiitazama ile nguzo ya chuma.

Sauti aliweka penseli chini. "Bibi, mbona hukuiambia mashine hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kwamba umechoka roho."

Bi Mikunjo alimtazama kwa mshangao. "Nimwambie mtoto mambo hayo? Mtoto akikuamkia, unamwitikia, unamwuliza kama amekula, unamtakia heri, basi. Mizigo ya wakubwa hatwishwi mtoto."

"Lakini si mimi ninayesikiliza, bibi. Ni mashine."

"Najua ni mashine, sijazeeka kiasi hicho! Lakini ikiniamkia kwa sauti ya mjukuu wangu, ulimi wenyewe unaitikia marahaba. Nitafanyaje?"

Sauti alihisi masikio yakiwaka moto. Chakula na masomo! Kiwanda kizima kilikuwa kikimwuliza yeye kama amekula na kumhimiza asome. Hakuna aliyelilia mkate, wala aliyetaka masomo ya jioni. Mayai yale yote yaliliwa kwa sababu ya salamu.

Alipaswa kukimbia ofisini wakati huohuo. Hakwenda. Nani anapenda kwenda kusema kwamba kile anachosifiwa ndicho kinachoharibu mambo? Alifikiria viwanda vyote vya Tajiri. Alifikiria makofi ya darasani. "Labda ni Bi Mikunjo peke yake anayejibu hivyo," alijiambia. "Labda wengine wanasema ukweli." Njia ya mwongo ni fupi, na ya anayejidanganya mwenyewe ni fupi zaidi. Usiku huo hakuomba chumvi mezani, ingawa mchuzi ulikuwa chapwa.

Siku mbili baadaye alikuwa ofisini akimpelekea mama chai, mara Bi Mikunjo akabisha hodi.

"Bi Meneja, mwanangu," alisema taratibu, "mwezi huu ukiisha, nami nitapumzika."

Mama alisimama. "Unaondoka? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Nimechoka tu."

Aliaga, akatoka. Mama aliketi tena. Alijaribu kumtabasamia binti yake, lakini midomo ilikataa. Wote wawili walijua maana ya jambo lile. Bi Mikunjo akiondoka, Tajiri ataleta meneja mwingine. Sauti alimtazama mama yake, ambaye kila asubuhi alitoka nyumbani kabla ya jua na ambaye hajawahi kumpazia sauti mfanyakazi, na moyo ukamuuma kwelikweli. Akapiga moyo konde.

"Mama, programu haina kosa. Mimi ndiye ninayeiharibu."

Alieleza yote: marahaba, umekula, soma kwa bidii. Hakuacha hata lile gumu zaidi.

"Nimejua tangu Jumanne," alisema, na sauti ile maarufu ilitetemeka. "Nilinyamaza kwa sababu napenda kusikika. Niliogopa mtaniondoa."

Mama aliweka kikombe cha chai mezani. Kisha mabega yakaanza kumcheza. "Kwa hiyo," alisema, "nimechemsha matrei ya mayai... kwa sababu watu walikuuliza wewe kama umekula?" Akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka, na Sauti, aliyekuwa tayari kulia, akajikuta anacheka pia. Walimpigia simu Mjomba. Alicheka mpaka simu ikamdondoka, wakasikia ikigonga sakafu.

Mama alipofuta macho, alirudi kuwa mama. "Sikiliza, mwanangu. Kunyamaza kwako kumetupotezea siku ambazo hatuna nyingi. Hilo ni kosa. Nimekusamehe kwa sababu umelisema mwenyewe, kabla hujaulizwa. Sasa tusaidiane kulirekebisha."

"Weka sauti yako, dada," Mjomba alishauri kwenye simu.

"Yangu? Ambao hawakuniambia usoni, wataniambia sikioni? Hapana. Mara hii tutawauliza wenyewe wanataka kuzungumza na nani."

Ijumaa jioni, zamu zilipokuwa zikibadilishana, wafanyakazi wote walikusanyika kwenye chumba cha kukunja. Mama aliahidi mbele yao kwamba hatamtafuta mtu kwa lolote atakalosema. Halafu akamsukuma Sauti mbele kidogo. Msichana aliyezoea kusomea shule nzima matangazo alitazama kwanza viatu vyake.

"Shikamooni," alianza.

"Marahaba!" kiwanda kizima kiliitikia kwa pamoja.

"Mnaona sasa?" alisema Sauti, na watu wakacheka, wengine bila kujua kwa nini. "Sauti iliyo kwenye simu ni yangu. Mnaniitikia mimi, mnanionea huruma, halafu mashine inamwambia mama kwamba hapa hakuna tatizo. Nimejua nikanyamaza, na ninaomba msamaha. Leo tunaiondoa. Chagueni sauti ya mtu mnayeweza kumwambia ukweli."

Watu walitazamana. Kisha fundi wa mashine za kufulia, aliyeitwa Povu, alipaza sauti kutoka nyuma: "Babu Geti!"

Chumba kililipuka kwa makofi. Babu Geti alishika kifua. "Mimi? Mimi na akili bandia wapi na wapi? Hata hii halisi niliyonayo ninaibahatisha!"

Lakini alikubali. Sauti ndiye aliyemfundisha kurekodi. Mara ya kwanza alipiga kelele kama anayerudisha lori nyuma. Mara ya pili alinong'ona. Sauti alimwambia, "Babu, sema tu kama unavyosema na watu getini," na mara ya tatu ikatoka yenyewe:

"Wee! Usinipite kama mgeni. Leo kazi imekupeleka vipi? Na usiniletee ile ya nzuri tu, nimekuona ulivyonuna getini asubuhi. Haya, mwaga!"

Wakamwaga. Walichukua simu wakicheka, halafu kicheko kikaisha, nao wakaendelea kuongea. Povu aliongea mpaka chai yake ikapoa. Shoga, mkunjaji wa nguzo ya pili, aliongea huku akirusharusha mkono, kama aliye mbele ya mtu. Baada ya siku chache Mjomba aliiagiza programu itoe muhtasari mapema, na safari hii mama aliusoma polepole.

"Wafanyakazi wengi hawalalamikii uzito wa kazi. Maneno yanayorudiwa zaidi ni haya: peke yangu, kimya, siongei na mtu. Katika chumba cha kukunja, wengi wanataja nguzo za chuma."

"Nguzo?" mama alishangaa. "Si niliwanunulia wapumzike!"

"Miguu imepumzika, dada," Mjomba alisema. "Midomo ndiyo imefungwa."

Mama alikumbuka. Kabla ya nguzo, kila shuka lilikunjwa na watu wawili. Walishika ncha, wakanyoosha, wakaendeana, wakakutana katikati, wakaachana, wakakutana tena, na kila walipokutana waliachiana neno. Harusi, magonjwa, watoto waliofaulu na waliofeli, habari za mtaa mzima zilikunjwa humo pamoja na mashuka. Kisha nguzo zikaja, kila mtu akapewa chuma cha kumshikia ncha. Chuma hakiulizi habari za nyumbani. Na kwa kuwa kazi imekuwa nyepesi, kila mmoja aliona aibu kulalamika. Angesema nini? Kwamba anataka kazi iwe ngumu kama zamani?

Mama alikwenda chumba cha kukunja moja kwa moja. Hakuuliza nani kasema.

"Jamani, nimesikia kuhusu nguzo," alisema. "Nilidhani nawasaidia, na kosa langu ni kwamba sikuwauliza kwanza. Kuanzia kesho, anayetaka nguzo abaki nayo. Anayetaka mwenzake, amchukue mwenzake."

Nani alingoja kesho? Bi Mikunjo alifungua vibanio vyake, akageuka. Nyuma yake, kwenye nguzo ya pili, alisimama Shoga, aliyekunja naye miaka mingi.

"Haya, shika!" alisema Bi Mikunjo akimrushia ncha za shuka. "Na uniambie, mjukuu wako kaota jino?"

"Anayo matatu! Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikuwa hapahapa, nimekupa mgongo!"

Waliobaki wakavunjika mbavu, na vibanio vikaanza kufunguka chumba kizima, ta, ta, ta. "Kidole kimoja hakivunji chawa!" Povu alipaza sauti kutoka mlangoni, ingawa hakuna aliyemwita. Wakunjaji wawili wenye magoti mabovu walitaka kubaki na nguzo zao, na Sauti akasaidia kuzisogeza zitazamane, ili nao wasipitwe na maneno.

Siku ya mwisho ya mwezi Tajiri alikuja. Alisikia vicheko tangu getini, akakunja uso. "Kuna sherehe humu?"

"Hapana, tajiri," alijibu Babu Geti. "Kuna kazi."

Tajiri aliingia chumba cha kukunja. Mama alimfuata. Bi Mikunjo hakuwa amesema lolote tangu siku ile aliyoaga, na mama hakuthubutu kumwuliza. Sauti alisimama kwenye kona yake, penseli mkononi.

"Mwezi umekwisha, Bi Meneja," Tajiri alisema. "Nani ameondoka?"

Bi Mikunjo alijibu kabla mama hajafungua mdomo. "Ni mimi niliyekuwa niondoke leo, tajiri."

Wakunjaji waliacha kukunja. Hata Shoga alisimama na ncha zake mkononi.

"Lakini huyu mwenzangu ameanza kunisimulia habari za harusi ya mpwa wake," Bi Mikunjo aliendelea, "na kwa ninavyomjua, mwaka huu hamalizi. Sasa nitaondokaje katikati ya hadithi?"

Mama alifunika uso kwa viganja na kucheka, na wote wakacheka naye. Tajiri alitazama mashuka yaliyopangwa ukutani, marefu kumzidi yeye, kona zote zimenyooka. "Endelea na kazi yako, Bi Meneja," alisema, na yeye pia alikuwa akitabasamu. "Sasa yuko wapi yule binti? Nataka sauti yake kwenye viwanda vingine."

"Shikamoo, tajiri," alisema Sauti. "Asante sana, lakini usiniweke. Waulize wao wanataka kuongea na nani. Mimi wataniitikia marahaba tu, nawe utanunua mayai bure."

Tajiri hakuelewa hata chembe. Mama alimchukua kando akamweleza, na kicheko chake kikasikika mpaka kwenye vikaushio.

Bi Mikunjo alimwita Sauti. "Njoo hapa, mwanangu. Hili shuka ni kubwa. Hebu likunje peke yako, bila nguzo."

Sauti alijaribu. Alipoinua ncha hii, ile ikaburuza sakafuni. Alipoikimbilia ile, hii ikamtoroka.

"Umeona?" Bi Mikunjo alisema, akashika upande wa pili. "Ukweli ndivyo ulivyo. Anayeuliza ashike huku, anayejibu ashike kule. Mmoja akiachia, unaburuza chini, hata mkiwa na mashine yenye akili namna gani. Wewe uliachia Jumanne, ukarudi kushika. Ulichelewa, lakini ulishika, na mama yako yuko ofisini mwake leo kwa sababu hiyo. Na mimi mtu mzima niliachia pia. Nilimwambia nimechoka tu, nikamficha kilichonichosha. Tusirudie, mimi na wewe."

"Hatutarudia, bibi."

"Basi nyoosha. Habari za shule?"

"Nzu..." Sauti alianza, kisha akaona jicho la Bi Mikunjo. "Si nzuri, bibi. Hesabu za sehemu zinanitesa. Sizielewi kabisa, na sijamwambia mtu."

"Sehemu?" Bi Mikunjo alimwendea, wakakutana katikati, shuka likakunjika mara moja. "Hili sasa ni kiasi gani cha shuka?"

"Nusu."

"Kunja tena."

Wakaachana, wakakutana. Sauti alitazama kitambaa kilichokuwa mikononi mwake. "Robo!"

"Tena."

Walikunja mara ya tatu. Sauti alihesabu tabaka kwa kidole, akasimama, macho yakamtoka kwa furaha. Siku zote hizo alikuwa akiitazama hesabu hii ubaoni bila kuiona, na sasa alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Thumuni!" alitangaza, kwa sauti ile ya kumtoa nyoka pangoni, na wakunjaji wote wakaacha ncha zao wakampigia makofi.